Kwa nini sarafu ya dhahabu ya uhuru wa Mexico ina gramu 37.5, tena nyingi zimeandikwa 1947?

Kuna sarafu moja kubwa ya dhahabu, wenyewe Mexico wanaiita Centenario, ilianza kutoka mwaka 1921 kuadhimisha miaka 100 tangu wamtoe Mhispania mwaka 1821. Sasa ukiiangalia utakuta imeandikwa peso 50, na hapo hapo imeandikwa gramu 37.5 za dhahabu safi. Kwa nini 37.5? Si wangeweka 40 tu yaishe?

Jibu liko kwenye sheria ya fedha ya 1905. Ile sheria ilisema peso moja ni sawa na gramu 0.75 za dhahabu, basi piga mara 50 unapata 37.5 kamili. Yaani hawakuchagua uzito, ulitokana na thamani ya hela yenyewe.

Na kuuandika ule uzito waziwazi, mi naona kulikuwa na sababu. Nchi ilikuwa ndo imetoka kwenye mapinduzi yaliyoanza 1910, vita ambavyo kila jenerali alikuwa anachapa noti zake, akishindwa na noti zinakufa nae, serikali ikaja na noti mpya 1916 ikasema hizi hazighushiki, nazo zikaporomoka ndani ya muda mfupi watu wakarudi kwenye sarafu za madini. Mtu aliyepitia hayo huwezi kumwambia niamini tu, anataka kushika kitu kizito mkononi.

Picha yake nayo ina kisa. Upande mmoja ni tai na nyoka wake juu ya dungusi kakati, nembo ya taifa. Upande wa pili kuna mwanamke mwenye mabawa, mkono mmoja kanyanyua shada la majani na mwingine kashika cheni iliyokatika, nyuma yake milima ya volkano Popocatépetl na Iztaccíhuatl. Huyo ndo yule wa juu ya mnara wa uhuru pale Mexico City, mnara ambao Rais Porfirio Díaz aliuzindua September 1910, miaka 100 tangu padri Hidalgo awashe moto wa kudai uhuru, na miezi miwili tu baadae mapinduzi ya kumng'oa Díaz mwenyewe yakaanza. Kwa hiyo mnara ni wa miaka 100 ya kuanza vita, sarafu ni ya miaka 100 ya kushinda.

Mwaka 1931 sheria ikaiondoa dhahabu kwenye mzunguko wa hela, Centenario nazo zikasimama. Zilivorudi 1943 kilichotokea kinachekesha, ile peso 50 ikafutwa kabisa ukabaki uzito peke yake, maana peso ilishashuka na kwa peso 50 huipati dhahabu yote hiyo. Baadae maandishi ya peso 50 yakarudishwa ila ni pambo tu, bei inafuata soko la dhahabu.

Na hiyo 1947? Toka 1949 mpaka 1972 kiwanda cha serikali kiliendelea kuzitoa bila kubadili mwaka, zote zinasoma 1947. Sio feki, ni halali kabisa, ila kwa macho huwezi kujua ipi ni ya 1947 kweli na ipi imetoka miaka 20 mbele. Ndo maana wakusanyaji wanazigombea za 1921.

Kitu kingine, dhahabu tupu ni laini sana, inachubuka na kupinda, ndo maana humo wamechanganya shaba asilimia 10, na ndo inaipa kale kawekundu. Hivyo uzito wa sarafu nzima ni gramu 41.67, zile 37.5 ni dhahabu peke yake. Ukiletewa moja, mzani ukasoma 37.5 na muuzaji akakwambia si unaona inalingana na maandishi, mrudishie.