Kuchemsha maji ya kisima hakuondoi naitreti

"Sisi tunachemsha, hatuna wasiwasi." Husemwa kwa kujiamini kwenye nyua ambazo kisima na choo cha shimo vinatazamana.

Dhana: Ukichemsha, kila kitu kinakufa.
Vijidudu vinakufa, kweli, na kwa ajili ya kipindupindu endelea kuchemsha. Lakini naitreti si kidudu, ni chumvi iliyoyeyuka. Mvuke unapanda, yenyewe inabaki sufuriani. Bandika lita 5 za maji yenye miligramu 40 za naitreti kwa lita, yatokote hadi zibaki lita 4: sasa kila lita ina miligramu 50, kikomo kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani.

Anayeumia zaidi ni mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo kwa maji hayo. Naitreti hugeuka naitraiti mwilini, damu inashindwa kubeba oksijeni, na midomo inakuwa ya buluu. Daktari Hunter Comly alieleza hali hiyo mwaka 1945 huko Iowa, Marekani, kwa watoto waliotumia maji ya visima vya mashambani.

Dhana: Basi tutie klorini, au tuchuje kwa mchanga na mkaa.
Havifui dafu. Zinazoondoa naitreti ni mashine za utando, zile za kusafisha maji ya chumvi, pamoja na resini maalumu (chembe zinazoinasa) au kunereka, yaani kukinga mvuke na kuupoza uwe maji. Mashine ya utando nayo hutema maji machafu yenye naitreti nyingi. Ukiyamwaga kando ya kisima, umejirudishia mwenyewe.

Dhana: Hayo ni ya wenye mashamba na mbolea.
Mkojo wa chooni umejaa naitrojeni. Bakteria wa udongoni huigeuza kuwa naitreti, mvua inaishusha chini, na kwenye mawe ya matumbawe kama ya Unguja maji hupenya upesi mno.

Dhana: Bakteria ni wa kuuawa tu.
Wapo wanaotufanyia kazi. Wakikosa oksijeni na wakapata kaboni ya kula, huigeuza naitreti kuwa gesi ya naitrojeni, ambayo ni asilimia 78 ya hewa tunayovuta. Mabwawa ya matete ya kusafishia majitaka hutegemea hilo. Kazi ikiishia njiani hutoka naitrasi oksaidi, inayopasha dunia joto takriban mara 270 kuliko uzito uleule wa kaboni dioksaidi.

Dhana: Maji yetu ni matamu, yanang'aa.
Naitreti haina rangi wala harufu, na ulimi hauioni. Chota maji kwa chupa safi, iweke kwenye barafu, ifikishe maabara ya maji siku hiyohiyo yapimwe.