Kipimo Safi, Kondo Lenye Malaria

Mjamzito anaweza kuchomwa kidole, kipimo kikasema hana malaria, naye akajisikia mzima, kumbe vimelea vimejazana kwenye kondo la nyuma.

Kimelea cha Plasmodium falciparum kikishaingia ndani ya chembe nyekundu ya damu huiotesha juu protini inayonata. Ile inayoshambulia kondo huitwa VAR2CSA, nayo hushika sukari iitwayo kondroitini salfeti A iliyotanda humo. Unataji huo ulielezwa mwaka 1996 kutokana na makondo ya akina mama wa Kenya. Chembe zilizonata hazizunguki tena mwilini, ndiyo maana tone la kidole huweza kutoka safi. Mimba ya kwanza huumia zaidi: hata aliyekulia Muheza au Kisumu, akaugua malaria tangu utotoni, huanza kujenga kingamwili dhidi ya VAR2CSA akiwa mjamzito.

Madhara mengi huletwa na ulinzi wa mama mwenyewe. Monosaiti, seli nyeupe zinazomeza vimelea, humiminika kwenye nafasi ambamo damu yake huoshea vijidole vya kondo. Zikishameza, hubaki na masizi ya malaria, ile hemozoini inayoonekana nyeusi kwenye darubini, kisha hutoa kemokini na TNF, protini za kupasha habari za uvimbe. Kemokini huita monosaiti wengine, nao hutoa zaidi. TNF ikizidi, hasa ikiambatana na protini nyingine ya kinga, interferoni gama, huamsha kaspasi, vimeng'enya vinavyoikata seli ya kondo kutoka ndani mpaka ife. Vifo kidogo vya namna hiyo ni kawaida, kwani utando wa nje wa kondo huchakaa na kujikarabati mimba nzima. Hatari ni seli kufa upesi kuliko pengo linavyozibwa. Hapo chakula cha mtoto hupungua. Huzaliwa na uzito mdogo, kabla ya wakati, au akiwa mfu.

Kwa hiyo SP (sulfadoksini na pirimethamini), dawa ya kumkinga mjamzito na malaria, haisubiri homa. Ni vidonge 3 kwa mkupuo, mbele ya mhudumu, kuanzia wiki ya 13, kisha tena kila inapopita angalau mwezi 1, mara 3 au zaidi hadi kujifungua. Hata tumbo likiwa tupu humezwa, mjamzito asirudishwe nyumbani kwa sababu hiyo. Kosa linaloponyoka machoni ni foliki asidi ya miligramu 5: SP huua kimelea kwa kukizuia kutengeneza folati, yaani vitamini hiyohiyo, na dozi kubwa hiyo huidhoofisha. Ya miligramu 0.4 haina neno. Anayemeza kotrimoksazoli kwa ajili ya VVU hapewi SP kabisa, maana zote mbili zina salfa.

Kabla ya wiki ya 13, wakati mimba ni rahisi kuharibika, kinga ni chandarua chenye dawa. Homa ikianza, pima siku hiyohiyo. Malaria ikionekana, dawa ya mseto ALu hutumika hata miezi 3 ya kwanza. WHO iliipendekeza mwaka 2022.