Tafadhali, msiufunge mkono huo shingoni

Wiki hii nimeifungua tena. Leso iliyokunjwa pembetatu, fundo nyuma ya shingo, na ndani yake mkono wa mama aliyetolewa titi mwaka jana kwa saratani, umevimba kutoka vidoleni hadi juu ya kiwiko. Aliyemfunga ni bintiye, kwa mapenzi. Waliomkataza kuchota maji, kufua, kusonga ugali na kumbeba mjukuu ni ukoo mzima, na kila mmoja alidhani anamsaidia. Sasa bega halipandi, kiwiko hakinyooki vizuri, vidole vimekakamaa, na uvimbe uko palepale. “Lakini daktari,” binti ananiuliza, “si mkono ukivimba unapumzishwa?”

Huu hapana. Nimelijibu swali hilo kwa mdomo hapa Kisumu mpaka nimechoka, kwa hiyo leo naliandika lote, na atakayeniuliza tena nitamtumia asome.

Kila siku maji huchuja kutoka kwenye mishipa midogo ya damu na kuingia katikati ya nyama, yakiwa yamebeba protini. Mirija ya limfu (ndilo jina la maji hayo yakishaingia humo) huyazoa, huyapitisha kwenye tezi, kisha huyarudisha kwenye damu karibu na mtulinga. Kwapani kuna tezi 20 hadi 40 hivi. Daktari wa upasuaji akizitoa ili kutafuta saratani, au mionzi ikizichoma, njia inabana na maji yanabaki mkononi. Hiyo ndiyo limfedema. Mgonjwa aliyetolewa tezi chache tu za kupimwa ana hatari ndogo, kama mmoja kati ya ishirini. Aliyesafishwa kwapa lote ana hatari ya mmoja kati ya watano hivi. Inaweza kuanza miezi michache baada ya upasuaji au miaka mingi baadaye.

Hapa someni polepole. Damu ina moyo wa kuisukuma, limfu haina. Mirija yake mikubwa ina misuli myembamba inayojibana yenyewe, kipande baada ya kipande, na vali za kuzuia yaliyopanda yasirudi chini. Ile midogo kabisa iliyo juu juu kwenye ngozi haina hata misuli hiyo. Inangoja ngozi ivutwe, misuli ya mkono ikaze na kulegea, kifua kipanuke na kusinyaa. Mkono ulioning'inizwa kwenye leso umenyimwa karibu vyote hivyo. Mnaufunga ili upone, kumbe mmezima sehemu kubwa ya pampu iliyokuwa imebaki.

Na kwa sababu kilichokwama kina protini, dawa za kukojoa hazimsaidii huyu mama. Lasix itatoa maji, protini itabaki na kuyavuta tena. Kama anaitumia kwa ajili ya moyo au figo, aendelee nayo kama alivyoandikiwa. Kama alipewa kwa ajili ya mkono peke yake, arudi akamuulize aliyempa.

Sitaki kuwalaumu watu wa Kondele au Ahero kana kwamba imani hii waliibuni wao. Ilitoka kwetu sisi wahudumu. Kwa miaka mingi wanawake waliofanyiwa upasuaji wa matiti waliambiwa hospitalini wasinyanyue kitu kizito maisha yao yote, na hakukuwa na utafiti wa maana nyuma ya katazo hilo. Mwaka 2009 Kathryn Schmitz na wenzake kule Marekani wakachapisha matokeo yao katika jarida la New England Journal of Medicine. Walichukua wanawake 141 ambao tayari walikuwa na limfedema. Nusu wakanyanyua vyuma mara mbili kwa wiki kwa mwaka mzima, wakianza na uzito mdogo, wakiongeza kidogo kidogo, na wakivaa mkono wa kubana, yaani soksi ya mkono inayobana, wakati wa zoezi. Nusu nyingine wakaendelea na maisha yao. Mikono ya walionyanyua haikuvimba zaidi kuliko ya wenzao. Waliopatwa na vipindi vya limfedema kuzidi walikuwa asilimia 14 upande wa vyuma na asilimia 29 upande wa wengine. Mwaka 2021, Uingereza, utafiti wa PROSPER uliofanywa kwa wanawake 392 ukaonyesha kwamba mazoezi yaliyopangwa, yakianza siku 7 hadi 10 baada ya upasuaji, huwaachia mkono wenye uwezo zaidi baada ya mwaka, bila kuongeza limfedema.

Sasa, msinisome kwa haraka kisha mkamtwike mama mtungi wa lita 20. Huo una kilo 20, na mkono uliolala miezi minane haujui kilo 20. Katika utafiti wa Schmitz, wale wanawake walipanda ngazi polepole, na hilo ndilo linalopotea kila ninapolieleza mara moja. Mmoja anasikia “fanya mazoezi” anakwenda kulima shamba zima Jumamosi. Mwingine anasikia “polepole” anarudi kwenye leso. Mimi huanza na chupa ya maji ya nusu lita, yaani nusu kilo. Kunja kiwiko, nyoosha, inua mbele, inua pembeni, mara kumi, pumzika, rudia. Kabla na baada, pumzi ndefu za tumbo, kwa sababu kifua nacho huivuta limfu. Wiki mbili zikipita salama tunaongeza, mpaka tunafika kwenye pakiti ya unga ya kilo mbili, halafu ndoo isiyojaa. Kazi za nyumbani zinahesabika. Kufua nguo chache kila siku ni afadhali mara nyingi kuliko kufua za wiki nzima siku moja. Kusonga ugali wa watu watatu ni zoezi zuri la bega, ule wa matanga usubiri.

Kipimo changu ni asubuhi ya pili. Mkono ukiamka ulivyokuwa jana, mzigo ulifaa. Ukiamka mzito, pete haiingii, ngozi imekaza, mzigo ulizidi, tunashuka ngazi moja. Hatuachi. Nunueni tepu ya fundi cherehani, mpime sehemu zilezile, saa ileile, mikono yote miwili, mwandike kwenye daftari. Tofauti ya sentimita mbili mahali pamoja inatosha kutushtua. Lakini naiamini tepu kwa tahadhari. Watu wawili wakipima mkono mmoja hupata namba mbili, na mgonjwa anaweza kuhisi uzito wiki kadhaa kabla tepu haijaona kitu. Akisema mkono ni mzito, namwamini yeye.

Kuhusu bendeji ya kuubana mkono huu ndipo hasira yangu inapopanda. Krepu ya kemisti, ile inayovutika sana, si bendeji ya limfedema. Bendeji inayofaa huvutika kidogo tu. Mgonjwa akitulia haimbani sana, akikaza misuli inakataa kupanuka, na msuli unapotuna unakutana nayo kama ukuta, hivyo maji yanaminywa na kusukumwa juu. Krepu hufanya kinyume. Inambana amelala, jambo ambalo halivumiliki usiku, na inampisha akifanya kazi, pale ambapo tungetaka ikatae. Ndiyo maana akinamama wengi huniambia walijaribu bendeji ikawashinda. Walipewa bendeji nyingine kabisa. Tena hufungwa kuanzia kifundo cha mkono, vidole vikiachwa nje, halafu watu wanashangaa kiganja kimetuna. Tunaanza vidoleni, tunaweka pamba au sponji juu ya ngozi, tunabana zaidi chini na kulegeza kadiri tunavyopanda. Vidole vikififia rangi, vikifa ganzi au kuuma, fungua hapo hapo, usingoje kliniki.

Hatua ya kwanza ni kufunga bendeji kila siku kwa wiki mbili hadi nne, mchana na usiku, huku mgonjwa akifanya mazoezi akiwa amefungwa. Mkono ukishapungua, tunapima mkono wa kubana wa kuvaa mchana. Unachoka, unahitaji kubadilishwa kila baada ya miezi sita hivi, na hapa kwetu kuupata ulio saizi ya mgonjwa ni shida na ni gharama. Joto la Kisumu nalo halina huruma. Mwanamke anayeuza samaki juani Kibuye akiniambia hawezi kuuvaa kutoka asubuhi hadi jioni, simgombezi. Namwomba auvae saa za kazi nzito, kwa sababu hapo ndipo unapofaa zaidi, na auvue akipumzika kivulini. Mtaalamu mwenye kliniki yenye kiyoyozi huenda asikubaliane nami.

Lipo jambo jingine ambalo vitabu vyetu hulipita juu juu. Wengi huja wakitaka kukandwa. Mikandiko ya limfu aliibuni Emil Vodder, Mdenmaki, pamoja na mkewe Estrid, wakiwa Ufaransa miaka ya 1930. Ni mepesi mno, kuvuta ngozi tu, kwa sababu mirija tunayoitafuta iko juu juu. Naifanya, na wagonjwa huipenda. Lakini uchambuzi wa mwaka 2015 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, ulipokusanya tafiti zilizopo, faida yake juu ya bendeji ilionekana kuwa ndogo, na zaidi kwa wenye uvimbe mdogo hadi wa wastani. Kwa hiyo mgonjwa akiwa na pesa za kitu kimoja tu, namwambia anunue mkono wa kubana wala asinilipe mimi nimkande. Wenzangu wengine hawapendi nikisema hivyo.

Kukandwa kwa nguvu na maji moto, ile ya kuuma mpaka mtu atoe machozi, kuacheni kabisa. Joto hupanua mishipa ya damu na maji huongezeka. Tena baada ya upasuaji ngozi ya upande wa ndani wa mkono huwa na ganzi, mtu anaungua bila kujua. Kuchanjwa kwa wembe ili “maji machafu yatoke” ni hatari zaidi. Kila chale ni mlango wa bakteria, na mkono huu una ulinzi mdogo.

Je, mkono huo upimwe presha au uchomwe sindano? Tafiti za karibuni, mojawapo ya Boston ya mwaka 2016, hazikuona kwamba presha, sindano au safari za ndege huongeza uvimbe. Mimi bado nikiwa na mikono miwili ya kuchagua nachagua mwingine. Mgonjwa akihitaji sindano haraka na mshipa uko upande huo tu, achomwe. Asikae na malaria kwa kuogopa limfedema.

Sasa maumivu, maana ndiyo yaliyoileta ile leso. Limfedema yenyewe huleta uzito, kukaza, uchovu wa mkono. Maumivu makali huwa yana chanzo chake, na nikiambiwa “inauma kwa sababu imevimba” siridhiki mpaka nimetafuta. Mara nyingi ni bega lililoganda kwa kutotumika, na dawa yake ni kulitumia. Wakati mwingine ni kamba nyembamba zinazotokea kwapani wiki chache baada ya upasuaji na kuvuta hadi kiwikoni. Zinatisha, lakini zinalegea kwa kunyooshwa taratibu. Kuchoma na kuwaka kwapani na nyuma ya mkono wa juu mara nyingi ni neva iliyoguswa wakati wa upasuaji. Hiyo mazoezi peke yake hayaimalizi, inahitaji dawa za neva kutoka kwa daktari. Wakati wa zoezi nakubali kuvutwa, nakubali uchovu, nakubali maumivu madogo yanayotulia ndani ya saa moja. Yanayomwamsha usiku sikubali.

Mkono ukivimba ghafla na kubadilika rangi, huenda damu imeganda kwenye mshipa. Maumivu yanayozidi kila wiki pamoja na udhaifu wa vidole, au vinundu vipya kwapani au juu ya mtulinga, yanamrudisha mgonjwa kwa daktari wa saratani kabla sijamgusa. Na ngozi ikiwa nyekundu, ya moto, inauma, na mtu ana homa, hayo ni maambukizi, hospitali leo hii. Siku hizo za homa ndizo pekee ninazokubali mkono ulazwe juu ya mto na mazoezi yasimame. Antibiotiki zikishafanya kazi na maumivu yakipungua, tunarudi kwenye bendeji. Kubana kwenyewe ni kinga. Canberra, Australia, mwaka 2020, wagonjwa waliokuwa wakipata maambukizi ya mguu mara kwa mara waligawanywa, na waliovaa vya kubana walirudiwa asilimia 15, wenzao asilimia 40.

Miguu nitaiandikia siku yake. Kwa sasa: si kila mguu mkubwa ni matende ya mbu. Hayo hapa Kenya ni ya Pwani zaidi. Anayeshuka kutoka Mlima Elgon, mkulima wa miaka mingi bila viatu kwenye udongo mwekundu wa volkano, huenda ana podokoniosisi, uvimbe wa miguu unaoletwa na udongo huo. Anahitaji kuosha miguu kwa sabuni kila siku, kuikausha katikati ya vidole, mafuta, bendeji na viatu. Na mguu mgumu wenye madoa ya zambarau upimwe saratani ya Kaposi kwanza, usifungwe kwanza.

Binti aliyeniuliza amekwenda nyumbani na chupa ya nusu lita na daftari. Leso nimemwomba amrudishie mama yake ajifunge kiunoni. Wiki mbili za kwanza mama anakoroga uji, anafagia, anafua nguo zake mwenyewe chache chache, na mjukuu anapakatwa akiwa ameketi. Kama asubuhi yoyote mkono utaamka mzito, wapunguze nusu, wapime tena kesho yake, na wanipigie simu kabla ya kuufunga tena shingoni.