Mageuzi ya Umoja wa Ulaya: yanayosemwa na yaliyomo mkatabani

Dhana: "Baraza la Ulaya" ni chombo kimoja.
Habari za Kiswahili zinachangia sana kosa hili, maana vyombo vitatu huitwa jina hilohilo. Kuna kikao cha wakuu wa nchi 27 za Umoja wa Ulaya, kinachoweka dira. Kuna baraza la mawaziri wa nchi hizohizo, linalopitisha sheria pamoja na Bunge la Ulaya. Cha tatu ni shirika jingine kabisa lenye makao Strasbourg, wanachama 46, Uturuki na Uingereza zikiwamo. Mageuzi ya mikataba ya Umoja yanahusu viwili vya kwanza tu.

Dhana: Hakuna kinachopita bila nchi zote kuafiki.
Sheria nyingi hupita kwa wingi maalumu: nchi 15 kati ya 27, zenye angalau asilimia 65 ya watu wote. Kauli moja imebaki kwenye kodi, sera ya nje, bajeti ya miaka saba na kupokea wanachama wapya. Hata huko, asiyepiga kura hahesabiwi kuwa amepinga. Tarehe 14 Desemba 2023 Viktor Orbán, waziri mkuu wa Hungary wakati huo, alitoka ukumbini, na wenzake 26 wakaidhinisha kuanza mazungumzo ya uanachama na Ukraine.

Dhana: Kura ya turufu ndiyo ngao ya tunu na utambulisho.
Hapa ndipo watu wanapopotea zaidi. Utambulisho wa kila taifa unalindwa na ibara ya 4 ya Mkataba wa Umoja wa Ulaya, na lugha rasmi ni 24. Turufu humlinda aliye madarakani, hata kama ndiye anayevunja tunu zilizotajwa katika ibara ya 2: demokrasia, utawala wa sheria, haki za binadamu.

Tazama ibara ya 7 ya mkataba huo, inayohusu kuadhibu nchi inayovunja tunu. Kutamka kwamba kuna hatari ya tunu kuvunjwa kunahitaji nne ya tano ya nchi. Lakini nchi hainyang'anywi haki ya kupiga kura mpaka wakuu wengine wote wakubaliane kwamba imevunja tunu. Utaratibu ulianzishwa dhidi ya Poland mwaka 2017 na Hungary mwaka 2018. Kwa kuwa Hungary ilishatangaza kuikingia Poland kifua, ukakwama. Kilichouma ni fedha: kwa kanuni ya mwaka 2020, inayofungamanisha fedha za Umoja na utawala wa sheria na kutumia wingi maalumu, mawaziri walizuia takribani yuro bilioni 6.3 za Hungary Desemba 2022.

Dhana: Ili kupunguza kura ya turufu, lazima uandikwe mkataba mpya.
Si lazima. Wakuu wote 27 wakikubaliana, na Bunge la Ulaya likiridhia, maeneo mengi ya kauli moja yanaweza kuhamishiwa kwenye wingi maalumu, isipokuwa mambo ya kijeshi na mengine machache. Bunge la nchi moja tu likipinga ndani ya miezi 6, mpango unakufa.

Kugusa mkataba wenyewe ni kazi nzito zaidi. Wakuu 14 wanatosha kuitisha kongamano la kuurekebisha, lakini kuridhia ni kwa nchi zote. Ufaransa na Uholanzi ziliiangusha Katiba ya Ulaya kwa kura za maoni mwaka 2005. Ireland iliukataa Mkataba wa Lisbon, ulioandikwa badala ya Katiba hiyo, mwaka 2008, ikaukubali Oktoba 2009 baada ya kuhakikishiwa kwamba kila nchi itabaki na kamishna wake katika Tume ya Ulaya, chombo cha utendaji cha Umoja. Ndiyo maana Tume ina makamishna 27, ingawa mkataba huohuo ulipanga wapungue hadi theluthi mbili ya idadi ya nchi kuanzia mwaka 2014.