Diego Garcia si Kisiwa cha Marekani

Hapa Kibirizi, Kigoma, wauza dagaa wakijadili habari za redioni, utasikia: "Diego Garcia ni kisiwa cha Wamarekani." Sivyo. Wana kambi pale, lakini ardhi si yao. Mwaka 1965 Uingereza ilivimega visiwa vya Chagos, Diego Garcia kikiwa kimojawapo, kutoka Mauritius, na mwaka 1966 ikakubaliana na Marekani vitumike kwa ulinzi. Basi mshirika mmoja alileta ardhi katikati ya Bahari ya Hindi, mwenzake akaleta ndege na meli. Wenyeji? Kufikia 1973 walikuwa wamehamishwa wote kwa lazima, na hilo linaniuma kuliko hoja zote za usalama. Mei 2025 Uingereza ilitia saini mkataba wa kuirudishia Mauritius mamlaka, ila Diego Garcia ipangishwe kwa miaka 99, kambi ibaki.