Mahakama ipi, mwanangu?

Swali la utafiti wetu hapa Zanzibar lilikuwa fupi: "Unaziamini mahakama kwa kiasi gani?" Majibu manne: siziamini kabisa, kidogo, kwa kiasi, sana. Tulipolijaribu Micheweni, Pemba, bi mkubwa mmoja alinitazama akaniuliza: "Mahakama ipi, mwanangu? Ya kadhi au ya serikali?"

Tangu siku hiyo sikuliuliza tena swali lile peke yake. Yeye aliwazia mahakama ya kadhi, kwenye ndoa, talaka, matunzo na mirathi ya Waislamu. Mtu mwenye mgogoro wa kiwanja anawazia Mahakama ya Ardhi. Mkristo aliyetoka bara kufanya kazi hotelini Nungwi, kadhi hamhusu kabisa. Ukichukua wastani wa Wapemba, wa Watumbatu na wa waliotoka bara ukaulinganisha, unalinganisha vitu vitatu vilivyopewa jina moja. Halafu mtu anaandika kwamba kundi fulani "halina imani na sheria". Hilo linaniuma, kwa sababu maneno kama hayo huku kwetu hayapiti hivi hivi.

Siku hizi nauliza kila mahakama kwa jina lake. Pia nawasomea wote kisa kimoja: ndugu wawili wanagombea shamba la mikarafuu aliloacha baba yao, mdogo anakwenda kushtaki, je, atasikilizwa kwa haki? Kisa ni kilekile, kwa hiyo naona nani ana mizani kali na nani mpole, ndipo nasoma majibu yake kuhusu mahakama halisi.

Kabila nalo ni mtihani. Sensa za Tanzania hazijaliuliza tangu 1967, na hapa Visiwani jina la asili halijatulia. Kati ya sensa ya 1924 na ya 1931, waliojiandikisha kuwa Waswahili walipungua mno, hali watu ni walewale. Baada ya Mapinduzi ya 1964 swali hilo likawa na uzito mwengine. Kwa hiyo naliweka mwisho, bila orodha, na anayetaja asili mbili naziandika zote mbili.

Na sheha, mwakilishi wa serikali mtaani? Tunampa salamu zake, tunamwonesha kibali, kisha tunamwomba kwa adabu asikae nasi barazani. Akiwepo, kila mtu anaziamini mahakama "sana".