Hakuna mtu wa "ubongo wa kulia": tunayoyaamini kuhusu ubongo na ubunifu

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, hapa Mtwara mjini hukosi kumsikia mzazi akieleza kwa nini binti yake apelekwe masomo ya sanaa: "Huyu ni wa ubongo wa kulia, hesabu zitamtesa bure." Kaka yake aliyefaulu fizikia anaitwa wa ubongo wa kushoto, na shauri limekwisha. Maneno yenyewe yana harufu ya kitaalamu, na hapo ndipo yanapodhuru. Mtoto anachaguliwa njia ya maisha kwa kigezo ambacho hakijawahi kuonekana kichwani mwa mtu yeyote.

"Mbunifu hutumia upande wa kulia, wa hesabu hutumia wa kushoto"

Dhana hii haifi kwa sababu ina chembe ya ukweli ndani yake. Mwaka 1861 daktari Mfaransa Paul Broca aliupasua ubongo wa marehemu aliyekuwa amepoteza usemi, akakuta umeharibika sehemu ya mbele, upande wa kushoto. Miaka mia moja baadaye huko Marekani, Roger Sperry na wenzake waliwachunguza wagonjwa wa kifafa kikali waliokatwa korpasi kalosamu, yaani lile tita la nyuzi takriban milioni 200 linalounganisha nusu mbili za ubongo. Mgonjwa alionyeshwa picha kwa kufumba na kufumbua, upande wake wa kushoto. Akiulizwa, alisema hajaona kitu. Lakini mkono wake wa kushoto ukipapasa vitu vilivyofichwa, ulikiokota kilekile kilichokuwa kwenye picha! Nusu ya kulia, inayopokea kinachoonwa kushoto na kuongoza mkono wa kushoto, ilikuwa imeona, ila haikuwa na usemi wa kulitaja jambo. Kazi hiyo ilimpa Sperry Tuzo ya Nobel mwaka 1981.

Kosa likaja kwa waliosimulia. Wale walikuwa wagonjwa waliokatwa nyuzi. Mimi na wewe za kwetu ni nzima, na habari zinavuka huku na huku muda wote. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah walichapisha uchunguzi wa picha za ubongo za watu zaidi ya 1,000, wenye umri wa miaka 7 hadi 29. Walithibitisha kwamba zipo kazi zinazoegemea upande mmoja: lugha zaidi kushoto, umakini zaidi kulia. Mtu ambaye nusu yake moja nzima imeizidi nguvu nyingine hawakumpata.

Tena fikiri kidogo. Kama ubunifu wote ungekaa kulia, na maneno kwa watu wengi yako kushoto, basi malenga angekuwa bubu.

Mashoto nao wamo katika mkumbo huu. Wapo wazazi wanaowalazimisha kushika kalamu kwa mkono wa kulia, na wapo wanaowasifu kuwa wasanii wa kuzaliwa. Mashoto ni kama mtu mmoja kati ya kumi, na kwa takriban asilimia 70 yao lugha iko kushoto vilevile. Mwacheni mtoto aandike.

"Kichwa kikubwa, akili nyingi"

Albert Einstein alipofariki Aprili 1955, daktari Thomas Harvey aliutoa ubongo wake na kujiwekea, bila ruhusa ya mapema ya familia. Aliupima, akakuta gramu 1,230. Ubongo wa mwanamume mzima kwa kawaida hukaribia gramu 1,400. Aliukata vipande takriban 240, na kwa miaka mingi watafiti waliogawiwa wametangaza mambo tofauti: seli fulani ni nyingi, mikunjo ya pembeni si ya kawaida, nyuzi za kuunganisha ni nene. Huenda ni kweli. Ila ubongo mmoja hauthibitishi kanuni, na hata tofauti hizo zikiwepo, nani atajua kama zilileta fizikia au zililetwa na miaka hamsini ya kuifikiria?

"Tunatumia asilimia kumi tu ya ubongo"

Hapana. Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili lakini hula karibu asilimia 20 ya nishati yake. Anayekuuzia semina ya kukufungulia hizo asilimia 90, mwambie akuonyeshe zilipo.

"Wazo hushuka lenyewe"

Hapa pana utamu. Chukua kifuu cha nazi, mwombe mtu akutajie matumizi yake mengi kadiri awezavyo. Upawa, kata ya kunywea, kuni, vifungo vya nguo. Baada ya hapo wengi hukwama, na wachache huendelea hadi kwenye mambo ambayo hukuyatarajia. Vipimo vya ubunifu maabarani huwa vya namna hiyo. Mwaka 2018 Roger Beaty na wenzake walichapisha matokeo ya watu 163 waliopewa kazi kama hiyo wakiwa ndani ya MRI, mashine ya kupiga picha za ubongo. Waliotoa mawazo ya ajabu zaidi walikuwa na muunganiko imara kati ya mitandao mitatu: ule unaowaka akili ikitangatanga, ule wa kujidhibiti na kuchuja, na ule unaoamua lipi lipewe uzito. Kwa kawaida wa kwanza ukiamka, wa pili hupumzika. Kwa hawa ilifanya kazi pamoja.

Hata kughani mitindo huru kumepigwa picha. Mwaka 2012 watafiti Marekani waliwalaza marapa 12 kwenye mashine. Walipoghani bila kuandaa, maeneo ya kati ya ubongo wa mbele yalichangamka, na yale ya pembeni yanayosimamia na kukosoa yakapoa. Kijana wa Chuno, hapa Mtwara mjini, anayefunga vina papo hapo amelegeza msimamizi, lakini maneno anayoyachota aliyahifadhi siku nyingi.

"Wamakonde wana uchongaji kwenye damu"

Husemwa kama sifa, nami naiona dharau, maana inafuta kazi ya fundi. Mpingo una ganda jeupe na moyo mweusi, na ni mgumu kiasi cha kuchosha chuma. Wa kwanza kuusoma ni mzee, kijana huanza kwa msasa na tupa, tezo baadaye. Mtindo wa shetani, ule wa sanamu za viumbe vya ajabu, nao haukurithiwa hivyo ulivyo: ulistawi miaka ya 1950 mikononi mwa wachongaji Wamakonde waliotoka Msumbiji na kufanyia kazi Dar es Salaam.

Urithi una sehemu yake, sikatai. Lakini ubongo hubadilika kwa kazi. Wanafunzi 79 wa udereva teksi London walipimwa kabla na baada ya kusomea maelfu ya mitaa; 39 waliofaulu walionekana kuongezeka sehemu ya nyuma ya hipokampasi, eneo la ubongo linalohusika na kumbukumbu, waliofeli hawakuongezeka. Hiyo ni kumbukumbu ya njia, si uchongaji, ila inaonyesha mazoezi hufika hadi kwenye umbo la ubongo. Mtoto wa Kimakonde aliyekulia mjini bila kushika tezo hachongi. Mmakua wa Masasi akikaa na fundi miaka ya kutosha, anachonga.